Miaka 6 ndani ya viatu vya kuongeza urefu: wanaume wafupi wenzangu, tuzungumze bila kufichana

Mleta uzi

Wakuu, kimo changu ni sentimita 163, yaani futi 5 na inchi 4. Naanza na namba kwa sababu kwa miaka 6 hakuna mtu nje ya familia yangu aliyeniona nikiwa na kimo hicho. Kazini nilikuwa 171. Kwenye harusi za marafiki, 171. Picha zangu zote za kuanzia miaka 24 hadi 30 zina mtu wa 171, na hizo sentimita 8 zilikuwa ndani ya viatu.

Nimepitia mijadala mingi ya viatu hivi. Karibu yote ni ya namna mbili: muuzaji anasifia mali yake, au kijana anauliza kwa heshima halafu watu wanamcheka mpaka anafuta swali. Mimi nimewahi kufuta swali. Kwa hiyo naandika yale ambayo ningetaka kuyasoma kabla sijanunua jozi ya kwanza.

Tuanze na kiatu chenyewe, maana wengi wanadhani ni kisigino kirefu kinachoonekana. Kwa nje ni kiatu cha ofisini, buti au raba kama nyingine. Kazi imefanyika ndani: chini ya kisigino chako kuna kabari, iko juu kwa nyuma na inashuka kuelekea vidoleni, na soli ya nje nayo imenenepeshwa kidogo ili mzigo ugawane. Kwa kuwa mguu umekaa juu, ukuta wa kiatu lazima nao uwe mrefu, la sivyo kisigino kinachomoka kila hatua. Ndiyo maana buti zinaficha vizuri kuliko viatu vya kukata chini. Ukiona kiatu kifupi kinachoahidi sentimita 9, jiulize mguu utakaa wapi.

Halafu kuna hesabu ambayo muuzaji hakupi. Kiatu cha kawaida cha ofisini kina kisigino cha sentimita 2 na nusu au 3. Mwenzako uliyesimama naye hayuko peku. Kwa hiyo zile 8 zangu, mbele ya mtu mwenye viatu vyake vya kawaida, zilikuwa 5 hivi. Niliteseka kwa 8 nikalipwa 5.

Na mateso yalikuwepo. Miezi ya kwanza moto ulikuwa mbele ya unyayo, pale chini ya vidole, kwa sababu kisigino kikipanda uzito wa mwili unasukumwa mbele. Nikazoea. Kuzoea ndiko kulikonidanganya, maana mguu ulikuwa unajibadilisha kimyakimya. Mwaka wa tatu nikaanza kuamka asubuhi, nikikanyaga sakafu kwa unyayo mzima, nyuma ya mguu kunavuta kama kamba iliyokatwa fupi. Nikajikuta nyumbani natembea nimeinua visigino kidogo, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyopata nafuu. Mtaalamu wa tiba ya viungo alinieleza kwamba kano ya kisigino na misuli ya shavu la mguu hufuata urefu unaozipa kila siku. Kuna utafiti uliochapishwa 2010 kuhusu wanawake waliozoea visigino vya sentimita 5 na kuendelea kwa miaka isiyopungua 2: nyuzi za misuli ya shavu la mguu zilikuwa fupi kwa takriban asilimia 13, na kano ilikuwa nene na ngumu zaidi. Mguu haujui kama kisigino kimefichwa au kinaonekana.

Hayo ya mwili yalitibika. Lililonichosha zaidi ni ulinzi.

Ukivaa 8 huvai kiatu tu, unapanga maisha. Suruali zangu zote zilikatwa kwa mtu wa 171. Nikivua viatu, kitambaa cha sentimita 8 kinalala sakafuni. Kwa hiyo nikiingia nyumba ya watu nilijifunza kufanya mambo matatu haraka: kuinama kana kwamba nafungua kamba, kukunja pindo la suruali kwa ndani, kisha kukaa kabla mtu hajaniangalia nimesimama. Ufukweni sikwenda. Mpira niliuacha, na nilikuwa naupenda. Nikialikwa mahali, swali langu la kwanza moyoni lilikuwa: kule watavua viatu?

Kisha nikampata mwenzangu. Miezi 8 hakuwahi kuniona nimesimama peku. Usiku mmoja akaugua ghafla, akanipigia. Nilitoka mbio na kandambili miguuni, sikufikiri kitu. Alipofungua mlango macho yetu yalikuwa usawa mmoja. Hakusema neno usiku ule, alikuwa na homa. Alipopona akaniambia, "Nilijua siku nyingi. Suruali zako zote zina alama ya mkunjo mahali pamoja. Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe."

Sentimita hazikumuuma. Kilichomuuma ni kwamba kwa miezi 8 kila nilipoingia kwake nilikuwa na shughuli ya kumzuia asione kitu. Nilipolitafakari nikaona ni kweli: nilikuwa nakaa naye huku nusu ya akili yangu inalinda mlango.

Sikuvitupa viatu siku ile. Hili nalisema kwa wale wanaotuhubiria "jikubali" kana kwamba ni swichi ya taa. Nilishuka: kutoka 8 hadi 6 kwa miezi 2, kisha 4, huku nikifanya zoezi la kusimama kwenye ukingo wa ngazi na kushusha visigino taratibu ili kano irudi. Kushuka ghafla kunaumiza, kano iliyofupika haipendi kuvutwa kwa siku moja. Leo nina jozi moja ya sentimita 3, naivaa siku nikitaka, na kila anayenihusu anajua. Siku nyingine navaa raba za soli nyembamba na sina habari.

Msimamo wangu ni huu, mnipinge mkitaka: kiatu hiki hakina aibu yoyote, ni vazi kama koti lenye mabega yaliyojazwa. Kinakuwa kifungo pale unapokipa siri ya kulinda. Kama huwezi kukivua mbele ya mtu unayempenda, kimeshakupita kimo.

---

Fundi wa ngozi

Mkuu, umeeleza vizuri. Naongeza kutoka upande wa benchi, kwa sababu nashona na kukarabati viatu na hivi vinaletwa kwangu vikiwa vimeharibika kwa namna ileile.

Kabla hujanunua, kishike kiatu ukikunje. Kinapaswa kukunjika pale vidole vinapoanzia. Kikikunjika katikati, upinde wa unyayo wako ndio utakaobeba kazi. Kisha minya ukuta wa nyuma: ukibonyea kirahisi, kisigino kitayumba, na kisigino kilichopandishwa kikiyumba kifundo kinateguka. Soli iwe pana chini ya kisigino, isiwe imechongwa ikapungua. Uzito nao uupime kwa mkono, kuna soli nzito zinazokufanya uburute miguu hata ukiwa mpya kazini na unataka kutembea kwa adabu.

Zile pedi za kupachika ndani ya kiatu cha kawaida, sentimita 2 inatosha. Watu wanapachika mbili, moja juu ya nyingine, zinateleza na mguu unabaki nusu nje. Kama lazima pedi, chukua kiatu kilichozidi kidogo saizi yako na chenye kamba. Kiatu cha kuchomeka mguu tu hakifai kabisa.

---

Mchangiaji

Mimi nitasema ukweli hata kama utauma. Mwanaume havai kisigino. Kisigino ni cha wanawake. Mungu amekupa kimo chako, tembea nacho.

---

Mleta uzi

Ndugu, hilo la kutembea na kimo changu nakubaliana nawe. La kisigino kuwa cha wanawake, historia inasema vingine. Kisigino kilianza kuwa cha wanaume tena wapiganaji. Wapanda farasi wa Uajemi walikitumia kushika kikuku cha tandiko wakisimama kurusha mshale. Ulaya ilikipokea kupitia wanaume wa tabaka la juu karibu na mwaka 1600. Mfalme Louis XIV wa Ufaransa alivaa visigino vyekundu, na kisigino chekundu kikawa alama ya watu wa baraza lake. Wanawake walikichukua kutoka kwetu.

Na kwa kuwa tumefika Ufaransa: Napoleon, ambaye jina lake wanatupachika kila mfupi akipandisha sauti, aliandikwa kuwa na futi 5 na inchi 2. Zilikuwa futi za Kifaransa, ambazo ni ndefu kuliko za Kiingereza. Ukizigeuza unapata karibu sentimita 168, kimo cha kawaida kabisa kwa mwanaume wa wakati wake. Mchoraji wa vibonzo wa Uingereza, James Gillray, alimchora kama mtoto mwenye hasira, na picha ile ikashinda vipimo. Nasema hili kwa sababu mfupi akikasirika kwa haki anaambiwa ni ufupi unaosema. Nimeambiwa hivyo kwenye kikao nilipokuwa natetea kazi ya watu wanne.

---

Kijana wa 17

Kaka shikamoo. Nina miaka 17, sentimita 160. Darasani mimi ndiye wa mwisho kwa urefu na wananiita andunje. Nimeona matangazo ya dawa za kuongeza kimo na mazoezi ya kuning'inia. Je, ni kweli? Nisivae viatu kama vyako?

---

Mleta uzi

Marahaba mdogo wangu. Swali lako ndilo la maana kuliko yote humu, nisome polepole.

Mifupa mirefu hukua kwenye gegedu za ukuaji zilizo karibu na ncha zake. Wavulana wengi gegedu hizo hufunga kati ya miaka 16 na 18, wengine huchelewa zaidi. Zikifunga, hakuna kidonge, unga wala chai ya kuzifungua. Picha ya eksirei ya mkono na kiganja cha kushoto humwonyesha daktari umri wa mifupa yako, na wakati mwingine mifupa ya kijana huwa nyuma ya umri wake, maana yake bado ana safari. Kwa hiyo mwambie mzazi akupeleke kwa daktari sasa, usisubiri. Kuna wachache ambao tatizo ni upungufu wa homoni ya ukuaji, na dirisha la kutibu ni kabla gegedu hazijafunga. Lionel Messi alikuwa na upungufu huo, akatibiwa akiwa mtoto, akafika sentimita 170. Dawa ile hutolewa na daktari baada ya vipimo. Ya kwenye tangazo haina uhusiano nayo. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hizo dawa zinakutembelea kwenye simu kila siku.

Kuning'inia: binadamu wote huwa warefu asubuhi kuliko jioni kwa kama sentimita 1 hivi, kwa sababu diski za uti wa mgongo hubanwa mchana kutwa. Ukining'inia unazinyoosha kwa muda, zinarudi. Fanya kwa ajili ya mabega na mgongo, usifanye kwa ajili ya rula.

Viatu: bado mifupa na kano zako zinajengeka. Usiguse 8 wala 6. Ukitaka raba yenye soli nene kidogo, vaa.

La andunje linaniuma kwa sababu nililijua. Kimo hurithiwa kwa sehemu kubwa sana, utafiti wa 2022 uliochunguza watu zaidi ya milioni 5 ulipata tofauti za kijeni zaidi ya 12,000 zinazohusika. Hukukosea popote. Na neno "mfupi" lenyewe linategemea umesimama wapi: kwa waliozaliwa 1996, wastani wa wanaume wa Uholanzi ulikuwa karibu 182, wa Timor Mashariki karibu 160. Wewe huyo huyo ungekuwa wa kawaida kabisa pale. Ila najua huishi Timor, unaishi darasani kwako. Tafuta hata mwenzako mmoja umwambie kwamba jina lile linakuumiza. Mimi sikumwambia mtu, nikaja kununua viatu.

---

Dada msomaji

Mimi nina sentimita 174, mume wangu 166. Nitasema lisilopendeza: kabla yake nilikuwa nakataa wafupi bila kuwasikiliza. Nilisingizia mambo mengine lakini ilikuwa kimo. Yeye alipoanza kuniandikia, sentensi yake ya tatu ilikuwa, "Nina 166, picha yako inaonyesha umenizidi, kama ni shida niambie mapema tusipotezeane muda." Nilikaa na ile simu mkononi. Hakulalamika wala hakujitetea. Nikamjibu.

Watu wanatuangalia tukipita, mpaka leo. Miezi ya mwanzo mimi ndiye niliyeacha kuvaa visigino nikidhani namsaidia. Akaniuliza kwa nini nimeviacha, nikajikanyaga kwa maneno. Akasema, "Vaa viatu vyako." Sasa mwenzako alivyoumia na ule mkunjo wa suruali namwelewa sana, kwa sababu mimi ningekuwa na maswali mengine: kama hili kalificha miezi 8, kuna lipi jingine?

---

Mleta uzi

Dada, ndicho alichoniuliza. Neno kwa neno karibu. Ilichukua muda kumjibu kwa matendo.

---

Mwenye 158

Hongera kwa kufunguka. Mimi nimechoka na viatu, nafikiria upasuaji wa kurefusha miguu. Na tafadhali msiniletee habari za akina Messi.

---

Mleta uzi

Sitakuletea. Mimi pia nilikuwa nakasirika. Mtu ananiambia Naim Süleymanoğlu alikuwa na sentimita 147 akachukua dhahabu 3 za Olimpiki za kunyanyua vyuma, 1988, 1992 na 1996. Sawa, lakini mimi nafanya kazi ya hesabu ofisini. Kwa nini mfupi adaiwe dhahabu ndipo aheshimiwe, na mrefu adaiwe kusimama tu? Mmoja tu ndiye aliyenifaa, Muggsy Bogues, sentimita 160, misimu 14 kwenye NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, kuanzia 1987. Alinifaa kwa namna alivyocheza: mpira wake ulidunda chini sana, warefu hawakuupata bila kuinama, na akawapokonya wao mipira kule kule chini. Hakujaribu kucheza kama mrefu.

Kuhusu upasuaji, njia ile ilitokana na kazi ya Gavriil Ilizarov huko Kurgan, Urusi, kuanzia miaka ya 1950, kwa ajili ya mifupa iliyovunjika vibaya na miguu isiyolingana. Mfupa unakatwa, kisha unavutwa kama milimita 1 kwa siku ili mfupa mpya ujaze pengo. Sentimita 5 ni siku 50 za kuvuta, halafu miezi ya kusubiri ukomae, na kujifunza kutembea upya. Misuli, neva na mishipa navyo vinavutwa, na matatizo hutokea: maambukizi, viungo kukaza, mfupa kutounga. Sikukatazi, mwili ni wako. Nakuomba kitu kimoja kabla hujaamua: kaa na mshauri nasaha miezi michache umweleze unachotarajia kitabadilika ukiwa 163. Mimi ni 163, kaka. Niulize chochote kuhusu maisha ya huku.

---

Mwenye 158

Hilo la mwisho limenifikia. Nitakuandikia faragha.

---

Bwana harusi mtarajiwa

Wakuu, naoa mwezi ujao. Mimi 165, bibi harusi 168 na atavaa visigino. Nilikuwa nimeagiza buti za sentimita 10 bila kumwambia. Sasa nimesoma uzi huu usiku kucha. Nifanyeje?

---

Mleta uzi

Hongera sana. Kumi ziache, siku ya harusi unasimama saa nyingi na unacheza, miguu itakuvunja moyo kabla ya jioni. Chukua 3 au 4, uvae nyumbani wiki 2 kabla ili uzizoee. Suruali ikatwe ukiwa umevaa viatu vile vile, pindo liguse kiatu bila kujikunja, na koti lisipite chini ya makalio kwa sababu koti refu hukata miguu. Koti na suruali ziwe rangi moja. Mpiga picha mwambie mapema asipige kutoka juu, apige usawa wa kifua.

Lakini kabla ya hayo yote, leo jioni, mwambie bibi harusi. Mwonyeshe hata ule ujumbe wa oda. Yeye ndiye atakayekuwa pembeni yako wakati wa kuvua viatu.

---

Bwana harusi mtarajiwa

Nimemwambia. Ameuliza kama na za kwake za rangi ya dhahabu zinapatikana fupi kidogo, zile alizonunua zinambana vidole na alikuwa anaogopa kuniambia. Oda ya kumi nimeisitisha.